Kuchagua na Kuboresha Mashine ya Kukereza Chuma kwa Karakana ya Nyumbani

Anayetafuta mashine ya kukereza chuma, yaani inayozungusha chuma huku kisu kikikikata, kwa ajili ya karakana ya nyumbani mara nyingi huanza kwa kuuliza mashine hiyo inapokea kazi (kipande kinachokerezwa) ya ukubwa gani, ilhali jambo la kutangulizwa ni uimara wa mwili wake. Kisu kinapouma chuma husukumwa chini na nyuma, na nguvu hiyo hupita kwenye kishikio cha kisu, slaidi (sehemu zinazoteleza kukisogeza kisu), kigari kinachozibeba na bedi, yaani reli ndefu za msingi, hadi kwenye kichwa kinachobeba spindo, mhimili unaoizungusha kazi. Palipolegea popote katika njia hiyo patajidhihirisha kwa mtetemo, kelele na mawimbi madogo juu ya uso uliokerezwa. Mota, chaki (kishikio chenye taya kinachobana kazi kwenye spindo), visu na vifaa vya kupimia vinaweza kubadilishwa baadaye, lakini unene wa chuma cha kusubu uliokuja na mashine ndio utakaobaki nao. Kwa hiyo, baina ya mashine mbili zenye vipimo vinavyolingana, naona ni busara kuchagua iliyo nzito zaidi, mradi sakafu na mlango viruhusu.

Vipimo vyenyewe vinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Nchini Marekani ukubwa hutajwa kwa kipenyo kikubwa kabisa cha kazi inayoweza kuzunguka juu ya bedi bila kuigusa, wakati Uingereza kwa desturi hutaja kimo cha katikati ya spindo kutoka kwenye bedi, ambacho ni nusu ya kipenyo hicho. Myford ML7, mashine ya Kiingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1946 na kupendwa sana na mafundi wa nyumbani, hutajwa kuwa ya inchi 3½, na kwa hesabu ya Kimarekani ni ya inchi 7. Hata hivyo, kipenyo hicho ni cha kazi fupi iliyo karibu na chaki tu. Kazi ndefu inayopita juu ya slaidi ina nafasi ndogo zaidi, na hiyo ndiyo nafasi utakayoitumia kila siku. Uliza pia tundu la spindo, ambalo kwenye mashine ndogo nyingi za mezani ni la milimita 20 hivi, kwa sababu nondo iliyo nene kuliko tundu hilo haiwezi kupitishwa ndani ya kichwa na italazimika kukatwa vipande kwanza.

Anayetarajia kukata hesi, yaani nyuzi za skrubu, achunguze skrubu ndefu inayoendesha kigari pamoja na gia zinazofuatana na mashine. Skrubu ya inchi inaweza kukata hesi za milimita kwa usahihi kamili ikiwa kuna gia ya meno 127, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4 na mara tano yake ni 127. Na kwa sababu 127 ni namba tasa, hakuna gia ndogo zaidi inayotoa uwiano huo bila kosa. Pale ambapo gia hiyo kubwa haienei, ya meno 63 hutumika badala yake, na kosa lake kwenye hesi fupi halihisiki.

Mashine iliyokwisha kutumika huweza kuwa bora kuliko mpya, lakini rangi iliyopakwa upya isikudanganye. Bedi huchakaa zaidi karibu na chaki, ambako kazi nyingi hufanyika, kwa hiyo kaza kigari hadi kiteleze vizuri hapo, kisha kisogeze kuelekea mwisho wa bedi: kikianza kukwama, uchakavu upo, na kadiri kinavyokwama mapema ndivyo ulivyo mkubwa. Kwa spindo, funga nondo nene kwenye chaki, weka geji ya saa (kipimo chenye mshale unaoonyesha msogeo mdogo) ikigusa juu ya spindo yenyewe, kisha inua nondo hiyo kwa mkono. Mshale ukipanda na kubaki palepale baada ya kuachia, beringi zimelegea au zimechakaa. Beringi zilizolegea hukazwa na zilizokufa hubadilishwa, lakini bedi iliyoliwa ni kazi ya kusaga upya, na kwa karakana ya nyumbani ningeiacha.

Mashine ikishafika, kishawishi cha kuagiza vifaa vya kuiboresha ni kikubwa, nami ningesisitiza kwamba lolote lisinunuliwe kabla ya kuiweka sawa. Ifunge kwenye meza au stendi isiyoyumba, kisha kereza nondo iliyoshikwa na chaki peke yake, ukiacha pete mbili zenye umbali wa takriban milimita 150, na umalizie pete zote mbili kwa mkato uleule mwepesi. Zipime kwa maikromita. Vipenyo vikitofautiana, bedi huenda imejipinda ilipofungwa au kichwa hakielekei sawa, na mara nyingi bati jembamba chini ya mguu mmoja hutosha kuirekebisha. Kisha rekebisha vipande bapa vinavyokaza slaidi hadi mchezo, yaani ulegevu, uishe huku mkono ukiendelea kuzungusha bila kulazimisha.

Kimo cha kisu nacho hulaumiwa mara chache kuliko kinavyostahili. Ingiza rula nyembamba ya chuma baina ya ncha ya kisu na nondo ya mviringo, kisha sogeza kisu taratibu hadi kiibane. Rula ikisimama wima, ncha iko katikati. Sehemu ya juu ya rula ikikuinamia wewe, kisu kiko chini, na ikiinamia upande wa pili, kiko juu. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na kisu kilichonolewa vizuri na kuwekwa katikati kitaondoa malalamiko mengi ambayo watu hujaribu kuyatibu kwa vifaa vya gharama.

Baada ya hapo, boresha kwa kufuata udhaifu uliouona. Kwenye mashine ndogo, kiungo dhaifu mara nyingi ni slaidi ya juu, ile inayozungushwa kwa pembe. Ukiiondoa na kuweka mahali pake kipande kizima cha chuma chenye kimo kilekile, hata kukata kipande na kukitenga na nondo, kazi inayotikisa mashine kuliko zote, hutulia waziwazi. Kishikio kinachobadilisha visu kwa haraka hufuata, kwani kila kisu hubaki na kimo chake. Beringi za kawaida za spindo zinaweza kubadilishwa kwa zile za rola za koni, lakini mkazo wake unahitaji subira: kaza kidogo, endesha mashine, kisha gusa kichwa, na kikiwa moto kiasi cha kutoshikika, legeza. Kisomeo cha dijitali ni cha faida kwanza kwenye slaidi inayoingia kwenye kazi, ambako kusogea milimita 0.1 hupunguza kipenyo kwa milimita 0.2.

Mwenye mota ya fezi tatu na umeme wa fezi moja anaweza kutumia kifaa cha kubadili masafa ya umeme, ambacho pia hutoa udhibiti wa kasi kwa kitufe. Kama bamba la mota limeandikwa volti 230/400, nyaya zake zifungwe kwa mtindo wa pembetatu, kwa sababu vifaa vidogo vya aina hii hutoa volti 230. Usiweke swichi baina yake na mota, na usitupe mikanda ya zamani, kwani mota inayopunguzwa kasi kwa masafa hupoteza nguvu ambayo mkanda ungeizidisha. Ikiwa chaki imefungwa kwa hesi kwenye spindo, zima breki ya kifaa hicho na upange mota isimame kwa sekunde kadhaa, maana kusimama ghafla au kurudi kinyume kwa nguvu kunaweza kuifungua chaki ikiwa bado inazunguka.