Mwezi wa Kwanza na Spika Mpya: Namna ya Kuzisikiliza Kabla ya Kuzihukumu

Spika ulizodunduliza fedha zake kwa miezi mingi ni vigumu kuzihukumu siku unapozitoa kwenye boksi, kwa sababu sikio bado limezoea zile za zamani na moyo unatamani sana fedha hiyo isiwe imepotea. Ninachokushauri ni kujipa mwezi mzima, kulitunza boksi pamoja na maboya yake, na kujua tangu siku ya kulipa ni lini muda wa kurudisha bidhaa dukani unakwisha. Muda huo ukiwa wa siku chache, ubane mpango huu uingie ndani yake. Wauzaji wengi husema kwamba spika zinahitaji mamia ya saa za kupigwa ndipo zilainike. Ni kweli kwamba ukingo unaoishikilia koni, ile sehemu ya spika inayotetema kutoa sauti, hulegea kidogo katika saa za mwanzo, lakini baada ya hapo kinachobadilika zaidi ni sikio lako, nalo linaweza kuzoea hata kasoro.

Siku ya kwanza shughulikia nyaya peke yake. Ikiwa spika moja imeunganishwa kinyume, yaani waya wa kujumlisha umeingia penye alama ya kutoa, besi hunyong'onyea, na sauti ya mwimbaji, ambayo ingepaswa kusimama katikati ya spika mbili, hutawanyika chumbani isijulikane inatoka wapi. Ukiwa na shaka, chomoa waya kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti, kisha gusisha ncha zake mara moja kwenye betri ndogo ya volti 1.5. Waya wa tundu jekundu la spika ukigusa upande wa kujumlisha wa betri, koni ya wufa, ile kubwa ya besi, kwa kawaida husogea mbele. La muhimu ni kwamba spika zote mbili zisogee upande mmoja. Walio pwani wakumbuke pia kwamba hewa ya chumvi hufubaza shaba, hivyo ni vizuri kukata ncha iliyobadilika rangi na kumenya sehemu mpya kabla ya kuibana.

Kazi kubwa ni mahali pa kuziweka, na inanisikitisha kuona watu wakinunua amplifaya nyingine kabla hawajasogeza spika hata sentimeta 20. Anza na pembetatu ya pande sawa: umbali kati ya spika na spika ulingane na umbali wa kutoka kila spika hadi kichwani kwako, na twita, zile ndogo za sauti nyembamba, ziwe kwenye kimo cha masikio yako ukiwa umeketi. Kisha zivute kutoka ukutani, kwa maana spika iliyobanwa kwenye kona hutoa besi nyingi iliyovimba, ambayo huwezi kusikia noti moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Kila ninapozisogeza mimi huchora alama ya chaki sakafuni na kuandika tarehe pembeni yake.

Sebule zetu za kuta za saruji na sakafu za vigae zina ugumu wake. Zulia nene na mapazia mazito hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, ule unaofanya matoazi yachome sikio, lakini besi hupita kana kwamba havipo. Besi hutawaliwa na vipimo vya chumba: sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo chumba chenye urefu wa mita 4 huchochea mitetemo ya karibu 43 kwa sekunde, jirani kabisa na uzi mnene wa gita la besi unaotetema mara 41. Sauti ya hapo hunguruma ukiketi mgongo ukiwa ukutani, na hufifia sana ukiketi katikati kabisa ya chumba, hata spika ziwe nzuri namna gani. Kabla ya kuilaumu spika, sogeza kiti.

Nyumbani kwangu kulikuwa na mlio mwembamba uliojitokeza kila mpiga besi aliposhuka kwenye noti fulani, nami kwa siku nne niliamini kwamba spika ya kushoto ni mbovu. Jioni ya tano niliweka kiganja juu ya kabati la vyombo, mlio ukakoma: glasi mbili zilikuwa zimegusana kwenye rafu ya juu. Pitisha kiganja hivyo hivyo mlangoni, dirishani na kwenye fremu za picha, na unaposikiliza kwa makini zima pangaboi, kwani mvumo wake hufunika mambo madogo kama pumzi ya mwimbaji.

Chagua rekodi tano au sita unazozijua vizuri na usizibadilishe mwezi wote. Ya kwanza iwe sauti ya mtu anayezungumza. Wahandisi wa BBC, waliobuni spika ndogo ya LS3/5a miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, waliutegemea sana usemi wa binadamu katika kupima spika, na ninaona walikuwa sahihi, maana hakuna chombo tunachokijua kama sauti ya mwenzetu. Mtangazaji akisikika kama yumo ndani ya pipa, au herufi s ikipiga mluzi, kumbuka hilo katika kila utakachosikiliza baadaye. Rekodi yangu ya pili ni taarabu ya Unguja iliyopigwa kwa vyombo vyenyewe. Ganuni na udi zote ni nyuzi za kudonolewa, lakini ganuni ina mng'ao na udi una tumbo la mbao. Spika inayozifananisha inakuficha kitu.

Weka daftari, na badala ya sifa uandike matendo: ulisikiliza kwa muda gani, sauti ilikuwa kwenye namba ngapi, uliipunguza saa ngapi. Wiki ya kwanza niliandika kwa furaha kwamba nasikia matoazi ambayo sikuwahi kuyasikia. Wiki ya tatu daftari lilionyesha kwamba kila baada ya nusu saa mkono wangu ulipunguza sauti. Nilizigeuza spika kidogo, twita zikaelekea nje ya mabega yangu badala ya usoni, na usiku huo nikasikiliza albamu mbili bila kuinuka.

Wiki ya nne unganisha tena spika za zamani uzilinganishe na mpya, sasa sikio lako likiwa limezoea mpya. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, kwa kuwa spika iliyozidi hata desibeli moja, kipimo cha ukubwa wa sauti, huonekana bora: piga mvumo wa redio isiyoshika stesheni, na upime kwa programu ya simu iliyowekwa pale pale unapoketi. Mwaka 1994 mtafiti Sean Olive wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, alionyesha kwamba wasikilizaji walewale hutoa alama tofauti wanapoziona spika na zinapofichwa wasizione, hivyo tundika kanga nyepesi mbele yake na umwombe mtu wa nyumbani azibadilishe bila kukuambia. Ukijikuta mara kwa mara unachagua za zamani, na tarehe ya dukani haijapita, lile boksi bado unalo.