Pitisha vitegemezi kwenye konstrakta

Ukianza kuiachia Spring, fremuwaki ya Java, iunganishe kiotomatiki vitegemezi (vitu ambavyo klasi inavihitaji ili ifanye kazi), usikimbilie kubandika @Autowired, alama ya kuiambia Spring iweke kitegemezi hapo, juu ya kila uga. Vipitishe kwenye konstrakta, yaani sehemu ya klasi inayoitwa kitu chake kinapoundwa. Klasi itaonyesha wazi inachohitaji, nyuga zake zinaweza kuwa final (zisibadilishwe tena), na kwenye majaribio utaiunda kwa new tu bila kuwasha kontena, sehemu ya Spring inayounda na kuunganisha vitu. Tangu toleo la 4.3 la Spring, klasi yenye konstrakta moja haihitaji hata hiyo @Autowired. Konstrakta ikirefuka mno, klasi imebeba kazi nyingi, igawe. Halafu hili, tafadhali lizingatie sana: kwa kawaida kila bini (kitu kinachoundwa na kusimamiwa na Spring) huundwa mara moja na kutumika programu nzima, kwa hiyo usihifadhi ndani yake data za mtumiaji mmoja. Ombi la mwingine litazikuta humo humo.