Jinsi ya kuelewa na kutumia jina la ndege "wheatear" katika Kiingereza

Msomaji wa Kiswahili anayekutana na jina "wheatear" katika kitabu cha ndege huona ndani yake maneno mawili anayoyajua tangu shuleni, "wheat" lenye maana ya ngano na "ear" lenye maana ya sikio au suke, na papo hapo huhitimisha kwamba huyu ni ndege wa masuke ya ngano. Nimeikuta tafsiri hiyo mara nyingi katika maandishi ya utalii ninayopewa kuyahariri, nayo hunisikitisha, kwa sababu humfanya mla wadudu wa nyanda za wazi aonekane mla nafaka wa mashambani. Utaratibu ninaoutumia kulishughulikia jina hili ndio huu.

Hatua ya 1: Mtazame ndege kabla ya kulichambua neno.
Kati ya Oktoba na Machi, tafuta katika mbuga za nyasi fupi za Kenya na Tanzania ndege wa kiasi cha sentimita 15, asimamaye wima juu ya jiwe au kichuguu. Mngoje aruke. Atakapokupa mgongo utaona weupe mkali juu ya mkia, na ncha ya mkia iliyochorwa weusi mfano wa herufi T iliyopinduliwa. Weupe huo ndio ufunguo wa jina zima.

Hatua ya 2: Lifuatilie neno hadi chimbuko lake.
Asili inayokubaliwa na watunzi wa kamusi ni maneno mawili ya Kiingereza cha Kale, "hwit", yaani nyeupe, na "ærs", yaani makalio. Mwishoni mwa karne ya 16 jina lilikwisha kuandikwa "wheatears", na sauti ya S iliyokuwa sehemu ya neno lenyewe ikadhaniwa kuwa alama ya wingi, hivyo wasemaji wakaiondoa ili kupata umoja. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kulistaajabia jambo hilo, kwa maana sisi tulilipokea neno la Kiarabu "kitab", tukaichukulia silabi yake ya kwanza kuwa kiambishi cha ngeli, kisha tukasema "vitabu" bila kusita.

Ngano iliingia kwa njia ya masikio. Maana ya zamani ilipokwisha kusahauliwa, watu walitafuta maana mpya, na katika karne ya 17 ilielezwa huko Uingereza kwamba ndege huyu huitwa hivyo kwa kuwa hunenepa ngano inapoiva. Maelezo hayo yalikuwa na mvuto, kwa sababu wachungaji wa kondoo katika vilima vya South Downs, Sussex, walikuwa wakimtega kwa wingi na kumuuza kama kitoweo mwishoni mwa majira ya joto, ambao ndio wakati wa mavuno. Wapo pia wanaodai kwamba jina lilisafishwa kwa ajili ya staha ya enzi za Malkia Victoria. Dai hilo usilikubali, kwani umbo hili lilikuwa likiandikwa zaidi ya karne mbili kabla yeye hajaanza kutawala mwaka 1837.

Hatua ya 3: Lipime kwa majina yaliyo jirani nalo.
Wafaransa walimwita ndege huyu "culblanc", yenye maana ileile ya makalio meupe. Katika Kiingereza chenyewe yupo "redstart", ambaye jina lake halihusu kuanza jambo lolote, bali linatokana na "steort", neno la kale la mkia, na mkia wake kweli ni mwekundu.

Hatua ya 4: Litumie ipasavyo.
Weka mkazo mwanzoni unapotamka, uandike neno moja bila kistari, na wingi wake uwe "wheatears". Waingereza wa leo hawasikii utovu wa adabu wowote ndani yake, kwa hiyo litumie hata mbele ya wageni wa heshima. Hata hivyo, neno likiwa peke yake hutaja kundi zima la spishi, hivyo ongeza kivumishi. "Capped Wheatear", mwenye utosi mweusi na mkanda mweusi kifuani, ni mkaazi wa Afrika. "Northern Wheatear" ni mhamaji, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba ndege wa Alaska walisafiri takribani kilomita 14,500 hadi Sudan, Uganda na Kenya. Ukiwachanganya hawa wawili, utampotosha mgeni kuhusu jambo la ajabu kuliko yote katika maisha yao.

Hatua ya 5: Unapoandika kwa Kiswahili, usitafsiri vipande vya jina.
Eleza umbo la ndege, kisha taja jina la kisayansi, ambalo kwa mhamaji ni Oenanthe oenanthe na kwa mkaazi ni Oenanthe pileata. Neno Oenanthe, la asili ya Kigiriki, huunganisha divai na ua, kwa kuwa ndege hurejea Ugiriki wakati mizabibu ikichanua. Unapotafuta picha kwenye intaneti andika sehemu zote mbili za jina la kisayansi, kwa sababu Oenanthe peke yake ni jina la jenasi (kundi la spishi za karibu) ya mimea pia, na baadhi ya mimea hiyo ina sumu kali.