Kumlaza bata mzinga kwenye maji ya chumvi

Bata mzinga wa sikukuu simwoki kabla hajalala usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Kidari chake hakina mafuta mengi, hukauka upesi. Chumvi huisaidia nyama kushika maji yake hata motoni.

Kwanza soma kwenye pakiti: kama ameshatiwa chumvi kiwandani, usimlaze tena kwenye maji ya chumvi. Kila lita ya maji natia gramu 60 za chumvi, na ndege wa kilo 5 humtosha lita 7 hivi. Chemsha lita 2 na chumvi yote, kitunguu saumu na pilipili manga, kisha ongeza maji baridi yaliyobaki. Subiri yapoe kabisa. Hapa sitaki haraka, kwani maji ya uvuguvugu huzalisha vijidudu. Mzamishe, mfunike, mweke kwenye friji kwa muda wa saa 12 hadi 16. Mwaka mmoja nilimwacha siku mbili. Nyama ilikuwa chumvi tupu.

Mtoe, mfute kwa karatasi za jikoni, mrudishe kwenye friji bila kumfunika kwa saa chache, ngozi ikauke. Usimwongeze chumvi. Ameiva pale kidari na paja vinapofika nyuzi 74 za Selsiasi.