Namna ya Kutengeneza na Kusajili Ufunguo wa Akiba wa Gari la Zamani

Mwenye gari la zamani lililobaki na ufunguo mmoja anapaswa kutafuta wa pili wakati ule mmoja bado unawasha gari, kwa sababu kazi hiyo ni nyepesi zaidi kabla ufunguo haujapotea kuliko baada ya kupotea. Ufunguo mzima ukiwepo, fundi hunakili meno yake, na mara nyingi huutumia pia kulifanya gari likubali ufunguo mpya. Usipokuwepo, atalazimika kufungua kitasa ili ajue meno yalivyo, na katika magari mengi ya miaka ya 1990 na 2000 huenda akang'oa kompyuta inayohifadhi orodha ya funguo, akasoma kumbukumbu yake mezani, kisha akairudisha mahali pake. Ni kazi ya gharama, na kompyuta yenyewe inaweza kuharibika mikononi mwa asiyeizoea.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ufunguo wa gari unaweza kuwa na vitu vitatu ndani yake. Kuna chuma chenye meno kinachofungua vitasa na kuzungusha swichi. Kuna chipu inayolitambulisha gari kwamba aliye kwenye usukani ana ruhusa ya kuwasha injini. Na kuna rimoti ya kufunga na kufungua milango kwa mbali. Vitu hivyo huandaliwa mbalimbali na hujaribiwa mbalimbali. Ugomvi mwingi kati ya wateja na mafundi huanzia hapa: mteja ameagiza "ufunguo", fundi amechonga meno, mlango unafunguka vizuri, lakini injini inakataa kuwaka. Kabla ya kulipa chochote, taja ni vipi kati ya hivyo vitatu unavyovitaka, na umtake fundi akujibu kuhusu kila kimoja.

Je, gari lako lina chipu? Mwaka wa kutengenezwa hutoa dokezo, lakini hautoshi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kizuizi cha kielektroniki cha kuwasha injini, ambacho mafundi wengi hukiita imobilaiza, kilikuwa sharti kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, na nchini Kanada kuanzia Septemba 2007. Hata hivyo magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani katika miaka hiyo hiyo hayakuwekewa kifaa hicho, kwa hiyo magari mawili ya jina moja na umri mmoja yanaweza kutofautiana. General Motors nayo ilianza na mtindo wa peke yake katika Corvette ya 1986: juu ya chuma cha ufunguo kuna kipande cheusi chenye ukinzani maalumu wa umeme, ambao gari huupima, na thamani zilizotumika ni 15 tu. Ufunguo wa namna hiyo hausajiliwi. Hupimwa kwa mita, kisha hununuliwa wenye thamani ile ile.

Dalili nyingine ni taa ya dashibodi yenye mchoro wa ufunguo au wa gari lenye kufuli. Ikiwa bado una shaka, chongesha ufunguo wa chuma mtupu usio na chipu, ujaribu kuwasha nao. Gari lenye imobilaiza ama litawaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili, ama stata itazungusha injini bila moto kushika, ama halitaitika kabisa huku taa ile ikimetameta. Pesa ya jaribio hili haipotei, kwa kuwa ufunguo huo utakufungulia mlango siku utakapoufungia ule mwingine ndani ya gari.

Chipu yenyewe ni kitu kidogo sana: ama kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele, ama kipande cheusi kilichopachikwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo. Haina betri. Pete ya antena inayozunguka swichi hutoa mawimbi ya takriban kilohezi 125, au 134 katika aina nyingine, chipu hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo, kisha hujibu kwa namba yake. Ndiyo maana betri ya rimoti inapokufa, milango haitiki kwa mbali lakini gari huwaka kama kawaida. Ndiyo maana pia anayebadilisha ganda la ufunguo lililopasuka na kuhamisha chuma na vibonyezo peke yake hujikuta na ufunguo mpya mzuri usiowasha gari, kwani chipu imebaki kwenye ganda la zamani, pengine limekwisha kutupwa. Kabla ya kutupa ganda lolote, lipasue taratibu kwenye mwanga na utazame kila pembe. Ukitia bisibisi kwa nguvu, kichupa hicho huvunjika na hakitengenezeki.

Zipo njia mbili za kupata chipu ya pili. Ya kwanza ni kunakili: mashine husoma chipu iliyopo na kuandika namba ile ile katika chipu tupu, na gari halitambui kwamba funguo ni mbili. Chipu za mwanzo zilikuwa na namba isiyobadilika, hivyo kuzinakili ni jambo la dakika chache. Zilizofuata zilijibu swali la gari kwa hesabu ya siri, lakini nazo hazikudumu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walionyesha kwamba siri ya biti 40 (yaani yenye urefu wa tarakimu 40 za sifuri na moja) katika chipu mojawapo ya kampuni ya Texas Instruments inaweza kuvunjwa, na leo mashine za mafundi hunakili nyingi za aina hiyo. Uzuri wa kunakili ni kwamba kompyuta ya gari haiguswi na namba ya siri ya imobilaiza haihitajiki. Ubaya wake ni kwamba nakala moja ikiibiwa, huwezi kuifuta bila kuufuta na ufunguo ulioubakiza. Kwa maoni yangu, kwa anayetaka tu ufunguo wa kuweka nyumbani, kunakili kunatosha. Lakini ikiwa kuna ufunguo uliopotea ambao hujui uko mikononi mwa nani, usikubali njia hiyo.

Njia ya pili ni kuusajili ufunguo mpya wenye namba yake katika orodha ya gari. Baadhi ya magari humruhusu mwenyewe kufanya hivyo bila mashine. Katika Ford nyingi za Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1990 na za miaka ya 2000, mwenye funguo mbili zilizosajiliwa huingiza wa kwanza, hugeuza hadi taa za dashibodi ziwake kwa sekunde chache bila kuwasha injini, huzima na kuutoa. Hufanya vivyo hivyo na wa pili kabla sekunde 10 hazijapita. Kisha huingiza mpya kwa mwendo huo huo, na gari hukubali hadi funguo nane. Mwenye ufunguo mmoja hana njia hiyo, ni lazima atafute mashine. Katika baadhi ya Toyota za kuanzia 1998, ufunguo mkuu mweusi hutumika pamoja na mfululizo wa kukanyaga pedali ya mafuta na ya breki, lakini ule wa kijivu uliokusudiwa kuachiwa mwegesha magari hauwezi kusajili mwingine. Fiat na Alfa Romeo za katikati ya miaka ya 1990 zilikuja na ufunguo mwekundu wa kusajilia peke yake. Anayenunua gari la namna hiyo aulizie ufunguo mwekundu na kadi yake ya namba kabla ya kukubaliana bei. Hatua kamili hutofautiana kwa modeli, hivyo zifuate zilizo katika kitabu cha gari lako.

Penye mashine, soketi ya kuichomeka huwa chini ya dashibodi upande wa dereva katika magari yaliyouzwa Marekani kuanzia 1996, na katika ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Ya kabla ya hapo huenda yakahitaji plagi ya kampuni husika. Nenda na hati ya umiliki na kitambulisho, maana fundi mwaminifu ataviulizia, na asiyeuliza chochote ni wa kutiliwa shaka. Nenda pia na funguo zote ulizonazo: mashine nyingi hufuta orodha nzima na kuanza upya, na ufunguo ulioachwa nyumbani utageuka kuwa chuma kitupu. Betri iwe imejaa, taa, redio na feni vizimwe, kwa kuwa umeme ukishuka katikati ya uandishi kompyuta inaweza kupotewa na kumbukumbu. Mwombe fundi akuonyeshe idadi ya funguo zilizosajiliwa kabla hajagusa kitu. Ikiwa gari linasema nne na wewe unashika mbili, hizo nyingine zifutwe siku hiyo hiyo.

Usinunue ufunguo uliokwisha kutumika katika gari jingine, kwa sababu chipu nyingi hujifunga kwa gari la kwanza. Rimoti nayo iwe ya mawimbi yanayolingana na ya gari: kwa kawaida megahezi 315 kwa magari ya Japani na Marekani, na 433 kwa ya Ulaya.

Meno yachongwe kabla ya kusajili, na yachongwe kwa namba ya ufunguo iliyo kwenye kibati kilichokuja na gari, kama kipo. Ufunguo wa miaka 20 umelika, na nakala yake huzaliwa imelika vivyo hivyo. Ujaribu kwenye kila kitasa, buti na swichi. Ukikwama usiulazimishe, urudishe kwa fundi. Kitasa kikiwa kizito, tia unga wa grafiti badala ya mafuta ya injini, ambayo hunasa vumbi.

Jaribio la mwisho lifanywe na ufunguo mpya ukiwa peke yake, mbali na funguo nyingine zenye chipu, kwani zikiwa kwenye pete moja huingiliana mbele ya antena. Washa, acha injini iendelee kwa dakika moja au mbili, zima, funga milango, subiri kidogo, kisha rudia. Baada ya hapo washa kwa kila ufunguo wa zamani, fundi akiwa bado yupo, uhakikishe kwamba hakuna uliofutwa. Andika aina ya chipu, namba ya meno na namba ya siri ya imobilaiza, na uvihifadhi pamoja na hati za gari, wala si ndani ya gari lenyewe.