SOMO: Kupima kama mti unaua konokono wa kichocho (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, mwangaluka.

Kila nikifungua simu nakuta mtu kaandika: "Mkuu, huku kwetu kuna mti unaua konokono, tuupime vipi?" Wengine hawaulizi hata, wanatuma picha ya ndoo yenye konokono waliojikunyata na maneno "umeua wote". Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena namtumia uzi huu bila salamu.

Tuelewane kwanza: hapa hatupimi dawa ya kunywa. Mwenye kichocho aende zahanati apewe prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake, basi. Tunachopima ni kama mmea unaweza kumuua konokono anayelea vimelea kabla havijampata anayefua au kuoga. Mtafiti Aklilu Lemma wa Ethiopia alianzia hapo mwaka 1964 kule Adwa. Chini ya mahali akina mama walipofulia kwa matunda ya mmea uitwao endodi, yanayotoa povu kama sabuni, aliona konokono wamekufa wengi, na upande wa juu wa kijito konokono ni wazima.

1. Vibali. Pitia kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Kama mti umeonyeshwa na mganga, andikianeni makubaliano kabla hujachuma hata jani. Ujuzi ni wake.

2. Mmea. Bana tawi lenye ua au tunda kwenye magazeti, lipelekwe kwa wataalamu wa mimea litambuliwe. Jina la Kisukuma peke yake halitoshi. Jina la Magu linaweza kuwa mti mwingine kabisa ukifika Sengerema.

3. Kausha kivulini, saga, chekecha.

4. Mchanganyiko. Gramu 1 ya unga kwenye lita 1 ya maji, tikisa, acha usiku mmoja, chuja. Hiyo ni miligramu 1000 kwa lita. Chota mililita 100 za hayo maji, ongeza maji safi hadi lita 1, umepata 100. Anza na maji, si spiriti, kwa sababu mwanakijiji atatumia maji. Mmea ghafi ukishindwa kuua konokono tisa katika kumi kwenye 100, tafuta mwingine.

5. Konokono. Gambuti na glavu ndefu, hakuna mjadala. Yule bapa kama kifungo cha koti ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo, ndiye mwenyeji wa mwambao huu wetu wa Ziwa Victoria. Yule mrefu ni Bulinus, wa kichocho cha mkojo, utampata zaidi kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Ukimshika ncha juu, mlango wa gamba unaukuta kushoto. Saa nne au tano asubuhi muweke kila mmoja kwenye kichupa chake cha maji penye mwanga, subiri saa mbili, kisha angalia maji kwa hadubini. Ukiona vijidudu vyenye mkia wa panda, huyo ana vimelea, mtenge. Waliobaki wakae wiki moja wazoee, kwenye maji ya bomba yaliyolala siku mbili ili klorini itoke.

6. Jaribio. Konokono 10 wa ukubwa mmoja kwa kila bika (glasi ya maabara), bika tatu kwa kila dozi, dozi tano. Pembeni, za kulinganisha, weka bika za maji matupu, na nyingine za niklosamidi (dawa ya kiwandani ya kuua konokono) miligramu 1 kwa lita. Saa 24 ndani ya dawa, wasuuze, saa 24 kwenye maji safi.

7. Kuhesabu waliokufa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, yangu ya kwanza ikiwemo, kwa hiyo narefusha.

Konokono akionja kitu kikali anajivuta ndani ya gamba na kutulia. Anaweza kukaa hivyo muda mrefu. Mtu anakuja asubuhi, anaona bika kimya, anaandika 10 kwa 10, anakwenda kunywa chai. Angewahamishia kwenye maji safi, jioni angekuta nusu yao wanapanda ukuta wa bika. Ndiyo maana zile saa 24 za mwisho si za hiari. Zikiisha, mmoja mmoja: muweke kwenye sahani, gusa mguu wake kwa sindano butu. Asipojikunja, mpeleke kwenye hadubini. Gamba la Biomphalaria ni jembamba, mwanga ukipita chini moyo unauona ukidunda. Moyo ukidunda, yu hai, hata kama haukupendezi. Aliyekufa mwili umepauka, mara nyingi ametoa damu, na damu yake ni nyekundu kama yetu, usishtuke.

Onyo la kwanza: konokono wanatoroka. Anayekaa juu ya maji saa 24 nzima hajapata dawa, huyo ni mzima wa uongo. Funika kwa wavu uliozama kidogo ndani ya maji.

Onyo la pili: mzoga mmoja ukioza unaua wenzake. Utoe mara uuonapo, uuandike.

Onyo la tatu, na hili linauma: supu nzito ya majani ikichacha inamaliza hewa ya maji na kugeuza ukali wake, konokono wanakufa kwa uchafu, si kwa dawa. Hata mchicha utaua ukiuozesha vya kutosha. Tengeneza upya siku hiyohiyo, pima pH (kipimo cha uchachu wa maji), ukikuta imeshuka sana weka bika za maji matupu yenye pH hiyohiyo. Na kwenye maji matupu akifa zaidi ya mmoja katika kumi, tupa jaribio zima. Usilitie viraka.

8. Tafuta dozi inayoua nusu na inayoua asilimia 90 kwa hesabu ya probiti, inayolinganisha dozi na idadi ya waliokufa. Programu za bure zipo.

9. Samaki. Weka vifaranga vya sato kwenye dozi ileile. Mmea wa utupa unalewesha samaki, kila mvuvi wa hapa anajua. Mti unaoua konokono na sato pamoja, mwambao ambao watu wanaishi kwa samaki, ni uvuvi haramu uliovaa koti jeupe.

MASWALI

Kijana_Kayenze: Mkuu nimeweka majani kiganja kimoja kwenye ndoo, wote wamekufa. Niandike asilimia 100?

Mwandishi: Kiganja cha nani?

Kijana_Kayenze: Cha kwangu.

Mwandishi: Hatua ya 4.

Mama_Ilemela: Asante kwa somo kaka. Mbona nasikia hiyo niklosamidi nayo inaua samaki? Mbona inaruhusiwa?

Mwandishi: Dada, swali zuri. Ni kweli, inaua samaki na vyura pia. Inatumika kwa eneo dogo, pale watu wanapogusa maji, mifereji na madimbwi, na jua linaivunja. Ziwa huwezi kulitia dawa, wimbi moja tu na dozi yako imekwenda Ukerewe. Kwa hiyo mmea wako ufikirie kwa ajili ya lambo, si ziwa. Halafu kitu ambacho wengi hawapimi ni mayai. Endodi inaua konokono vizuri, lakini mayai yanapona, na wiki chache baadaye lambo limejaa tena. Tumbukiza kipande cha nailoni angavu kwenye tanki, watataga hapo, kisha ukate vipande vyenye mayai uvipime peke yake.

Mama_Ilemela: Hiyo ya nailoni sikuijua. Wanakula nini wakiwa tankini?

Mwandishi: Letusi. Ichovye kwanza kwenye maji ya moto, inalainika na wanaimaliza. Mabaki toa kila siku.

Tiba_za_Babu: Babu yangu alitibu kichocho kwa mizizi, nyie mnahangaika na konokono. Mnalipwa na wazungu.

Mwandishi: Bando lenyewe nanunua mwenyewe. Sijasema babu hakutibu, nimesema uzi huu ni wa konokono. Mzizi wa kumeza una njia yake: sumu kwanza, kisha minyoo maabara, kisha panya, mtu mwisho kabisa. Na damu kukoma kwenye mkojo si ushahidi kwamba mnyoo amekufa. Hesabu mayai kabla na baada.

Mlinzi_wa_Minyaa: Mzee, minyaa imezunguka boma zima. Utomvu wake vipi?

Mwandishi: Unaua konokono, hilo linajulikana tangu zamani. Lakini ukiruka jichoni utajuta, vaa miwani ya maabara. Na watafiti wamekuwa wakiuhusisha na uvimbe wa taya wa watoto, ule aliouandika daktari Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958. Mimi siuweki kwenye maji ya mtoto.

Kidato_Cha_Nne: Shikamoo mwalimu. Shuleni hatuna hadubini nzuri wala konokono. Tunaweza kufanya chochote?

Mwandishi: Marahaba. Konokono msiwaguse bila msimamizi. Fanyeni kipimo cha povu: gramu 1 ya unga, maji mililita 10, kwenye chupa yenye kizibo, tikisa kwa nguvu, weka saa. Povu likidumu robo saa, kuna uwezekano wa saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni, jamii ileile inayofanya kazi kwenye endodi. Mkipata mayai ya Artemia, kijidudu cha maji ya chumvi, yale ya kulishia vifaranga vya samaki, yaangueni kwenye maji ya chumvi gramu 38 kwa lita. Siku mbili mna vidudu vya kupimia sumu, kumi kwa kila kichupa, saa 24, mnahesabu kwa lenzi ya mkono tu.

Kidato_Cha_Nne: Mwalimu tumefanya ya povu leo. Majani ya aina zote sita yametoa povu, hata ya muhogo, na limekaa zaidi ya robo saa!

Mwandishi: Chupa mliosha kwa kitu gani?

Kidato_Cha_Nne: Omo.

Mwandishi: Suuzeni hadi maji matupu yakitikiswa yasitoe povu. Rudieni Jumatatu, na safari hii chupa ya saba iwe ya maji matupu.