Namna ya kusoma shahada ya fasihi ya Kiingereza bila kuishi kwa madesa

Anayeingia chuoni na HKL au HGL yake (mchepuo wa Historia, Kiswahili au Jiografia, na Kiingereza) huwa amebeba mazoea yaliyomvusha kidato cha sita: vitabu vichache kwa miaka miwili, dhamira na wahusika vimepangwa tayari kwenye kijitabu cha maswali na majibu, kazi yake kukariri na kumwaga. Mazoea hayohayo ndiyo yanayomletea sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza. Sekondari huulizwa kitabu kinasema nini. Chuoni huulizwa kitabu kimeyafanyia nini maneno hadi kikasema hivyo, na jibu lake halimo kwenye desa, yaani muhtasari ulioandaliwa na mtu mwingine.

Kabla hujajaza fomu

Kwa Tanzania, kiwango cha chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni principo mbili (masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayotakiwa na programu (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1). Mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika ndio unaosema masomo gani. Kenya, mlango wa shahada ni C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kisha kila programu ina masharti yake.

Soma orodha ya kozi, usiishie kwenye jina la shahada. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Athari yake bado inaonekana: vyuo kadhaa vya ukanda huu vina idara ya Fasihi kando ya ile ya lugha, na fasihi simulizi imo. Anayekuja akitarajia miaka mitatu ya Chaucer na Milton, washairi wa kale wa Uingereza, atashangaa. Angalia pia kama uandishi wa kubuni ni kozi kamili au ni mada ya wiki mbili ndani ya kozi nyingine.

Pima kasi yako

Chukua riwaya, penseli na saa. Soma dakika 20, hesabu kurasa, zidisha kwa 3. Ukipata kurasa 6, kasi yako ni 18 kwa saa, na riwaya ya kurasa 300 itakula karibu saa 17. Sasa piga hesabu ya muhula: kozi 4 zenye vitabu 4 kila moja ni vitabu 16 ndani ya wiki 15. Ndiyo maana wengi huzama kufikia wiki ya sita, kisha hukimbilia mihtasari ya mtandaoni. Riwaya ndefu isomwe likizo. Tamthilia na mashairi yangoje wiki ya mhadhara wake, maana yanataka kumbukumbu ya karibu.

Kinachoua kasi ni kufungua kamusi kwa kila neno. Katika usomaji wa kwanza pigia mstari neno usilolijua, upite. Likijirudia mara tatu, litafute. Usomaji wa pili si wa kitabu kizima: chagua kurasa 20 au 30 zilizokusimamisha, uzisome polepole kwa sauti.

Alama zako ziwe chache. Herufi pembeni zinatosha: M pale sauti ya msimulizi inapobadilika, T kwa taswira, R kwa jambo linalojirudia. Nyuma ya kitabu tengeneza faharasa yako, namba ya ukurasa na maneno manne tu. Usiku wa kuandika insha, faharasa hiyo itakuokolea saa nzima za kupekua. Kitabu kikiwa cha maktaba, tumia vipande vya karatasi.

Kwa maandishi ya zamani, hatari si neno usilolijua, ni lile unalodhani unalijua. "Wherefore" ya Shakespeare ni "kwa nini", si "wapi", na "nice" iliwahi kumaanisha "mpumbavu". "Thou" na "you" nazo zinabeba uhusiano: ya kwanza ni ya wapenzi, watoto, walio chini, au mtu unayetaka kumdharau. Mhusika anapohama kutoka moja kwenda nyingine, weka alama. Matini za Shakespeare ziko bure kwenye tovuti ya maktaba ya Folger, vitabu vingi vya kale viko Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, humruhusu mwenye akaunti binafsi ya bure kusoma makala kadhaa kila mwezi.

Mashairi

Hapa aliyefundwa arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) ya Kiswahili ana mtaji. Anajua ubeti, kina, na jinsi shairi la tarbia (lenye mishororo minne kila ubeti) linavyoukata mshororo wa mizani 16 katika vipande viwili vya 8. Soneti ya Shakespeare ina mishororo 14, vina vya abab cdcd efef gg, na mshororo wa kawaida wenye mizani 10. Mtego uko hapo kwenye 10. Kiswahili huhesabu silabi, na mkazo hutua karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo hauna haja ya kuhesabiwa. Kiingereza huhesabu mapigo: silabi dhaifu, silabi nzito, mara 5. Soma huku ukigonga meza kwa kila silabi nzito. Mahali kidole kinapopotea, kwa mfano mshororo ulioanza na pigo badala ya kulingoja, simama: mara nyingi maana nayo imejikunja hapohapo.

Kisha tafuta shairi linapogeuka. Soneti ya Petrarch, mshairi wa Italia, hugeuka baada ya mshororo wa 8, ile ya Shakespeare mara nyingi hungoja miwili ya mwisho. Kuandika kwamba shairi lina vina na tashibihi bila kusema vinafanya kazi gani ni sawa na kusema nyumba ina bati.

Insha

Hapa ndipo alama zilipo, na hapa ndipo zinapopotea. Tuchukue Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), ambayo wengi wameigusa shuleni. Hoja dhaifu husema: riwaya hii inahusu ukoloni na kuvunjika kwa jamii ya Waigbo. Hakuna atakayebisha, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha, na kurasa zote zinazofuata zitakuwa kusimulia hadithi upya.

Hoja yenye nguvu hushika mahali, mbinu na matokeo kwa pamoja: katika aya ya mwisho ya sura ya 25, usimulizi unawaacha watu wa Umuofia, jamii ya Kiigbo ya riwaya hii, na kuingia kichwani mwa Mkuu wa Wilaya wa kikoloni, anayefikiria kumwandikia Okonkwo, mhusika mkuu, sura nzima kisha anaipunguza kuwa aya, na msomaji aliyeishi na Okonkwo kitabu kizima anaona waziwazi historia ya kikoloni inavyomkata mtu. Jaribu hoja yako kwa maswali mawili. Je, mwenzako anaweza kuipinga? Je, unaweza kuweka kidole kwenye mstari unaoibeba? Jibu likiwa hapana kwa lolote, rudi kwenye faharasa yako.

Insha ya maneno 1,500 huenea vizuri hivi: utangulizi wa maneno 120 hivi wenye hoja yenyewe, aya 5 za maneno 250, na hitimisho fupi. Kila aya ianze na dai, ilete nukuu isiyozidi mistari miwili, kisha maelezo yako yawe angalau mara mbili ya nukuu. Maelezo yazungumzie neno mahususi. Mkuu wa Wilaya anaona aya hiyo itakuwa "reasonable". Inafaa kwa kipimo cha nani? Neno moja hilo linakupa aya nzima. Nukuu ikiachwa ijisemee, mhadhiri ataandika pembeni "kwa hiyo?" na atakuwa na haki.

Katika MLA, mtindo wa kutaja vyanzo unaotumika sana katika fasihi, mabano hubeba jina la ukoo na ukurasa bila mkato, kama (Achebe 12). Tamthilia hutaja tendo, onyesho na mstari, kama 4.1.180. Nukuu ya nathari inayozidi mistari minne, au ya shairi inayozidi mitatu, hutengwa bila alama za kunukuu.

Mengine huvuja alama kidogo kidogo. Matukio ya ndani ya kitabu huelezwa kwa wakati uliopo, ya historia kwa wakati uliopita. Anayesema ni msimulizi, si mwandishi. Na kwa kuwa "yeye" yetu haina jinsia, "he" na "she" hubadilishana viti bila kuonekana, hasa insha ikiandikwa usiku. Hilo halisahihishwi kwa macho: isome kwa sauti siku ya pili, au mpe mwenzako akusomee.

Kozi ya uandishi

Darasa la kuandika huendeshwa kwa kusomana kazi. Peleka kipande cha maneno 500 hadi 800, nakala kwa kila mmoja, siku mbili kabla. Kazi yako ikijadiliwa, nyamaza. Anayejitetea hasikii kitu. Ukisoma ya mwenzako, taja mstari ulipochoka na mstari ulipotaka kuendelea. "Nzuri sana" haimsaidii mtu.

Kosa kubwa la mwanzo ni kuandika London usiyoijua. La pili ni kuweka neno la Kiswahili kisha tafsiri yake kwenye mabano, kama kibandiko cha duka. Sentensi inayolizunguka ndiyo ilibebe neno. Soma Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Nobeli ya 2021, uone maneno ya Kiswahili yanavyokaa ndani ya Kiingereza chake.

UE na tasnifu

Vyuo vingi vya Tanzania hugawa alama 40 za koswek (kazi na majaribio ya muhula) na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula). Mtihani wa saa 3 wenye maswali 3 unakupa saa moja kwa kila swali: dakika 10 za kupanga, 45 za kuandika, 5 za kukagua. Kariri nukuu fupi, maneno manne hadi sita kila moja, tano kwa kila kitabu. Ndefu hukosewa.

Mada ya tasnifu itafutwe pale lugha zako mbili zinapokupa kitu ambacho mwanafunzi wa Leeds, Uingereza, hana. Mwalimu Nyerere alitafsiri The Merchant of Venice kwa jina la Mabepari wa Venisi, kitabu cha 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mfanyabiashara mmoja amekuwa mabepari wengi kabla hata ya ukurasa wa kwanza. Weka nakala zote mbili mezani, anza na mahakama katika tendo la 4, onyesho la 1, mstari kwa mstari, na uandike kila neno la fedha lilivyogeuzwa.